Mfumo tulishaukabidhi, keki ikaliwa, mteja bado anapiga simu. Mradi unaisha lini hasa?

#1 Kijana wa Igoma
Wakuu salaam.

Mimi ni mtengeneza programu, niko hapa Mwanza. Mwaka jana mimi na wenzangu wawili tulipata kazi kwa kikundi kimoja cha wafanyabiashara wa dagaa pale Kirumba mwaloni. Mfumo wa kusajili magunia yanayoshuka kwenye boti: nani kaleta, nani kanunua, nani anadaiwa, nani kalipa kwa simu. Tukafanya kazi miezi mitano. Tukafundisha makarani, tukakabidhi, wakasaini, picha zikapigwa, keki ikaliwa. Hela tulilipwa yote, hapo siwezi kuwasingizia.

Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu keki. Simu haziishi. Karani mpya hajui paswedi. Mnunuzi wa Kongo anataka risiti ya kilo badala ya gunia. Ripoti ya mwezi "haiko sawa", ukiuliza haiko sawa vipi unaambiwa njoo uone. Mwenzangu mmoja kahamia Dar, mwingine kapata ajira na simu hashiki. Nimebaki mimi. Nikisema hii ni kazi mpya ilipiwe, jibu ni moja tu: "Si mfumo wako huo?"

Naomba kujua, mradi wa programu unaisha lini na matunzo yanaanza lini? Na yakishaanza, nani anamlipa nani?

#2 Sato wa Kupaka
Natia nanga hapa. Wajuzi njooni.

#3 Mzee wa Makaratasi
Mkataba unasemaje kuhusu baada ya makabidhiano? Usinijibu "tulielewana".

#4 Kijana wa Igoma
#3 Mzee wangu, mkataba una kurasa tatu. Unasema tutatengeneza nini na tutalipwa kwa awamu ngapi. Baada ya hapo kuna sahihi.

#5 Mzee wa Makaratasi
Basi jibu lako liko hapo kwenye nafasi tupu kati ya kifungu cha mwisho na sahihi. Mngeandika mistari minne tu: mtarekebisha makosa yenu bure kwa muda gani, baada ya hapo ni bei gani kwa mwezi, simu zinapokelewa saa ngapi mpaka saa ngapi, na kipi kitahesabiwa kazi mpya. Mengine yote ni porojo.

#6 Mhandisi Busisi
Nyie watu wa kompyuta mnahangaika na jambo ambalo sisi wa ujenzi tulishalipa jina. Kazi ikikamilika kuna makabidhiano ya awali, halafu kinaanza *kipindi cha matazamio*, mara nyingi mwaka mmoja. Sehemu ya fedha ya mkandarasi inazuiliwa. Ikionekana kasoro iliyotokana na kazi yake, anairudia kwa gharama zake. Matazamio yakiisha ndipo makabidhiano ya mwisho, mkandarasi anachukua hela iliyobaki na kwenda zake. Kuanzia hapo mwenye barabara anaitunza kwa bajeti yake. Daraja la Kigongo–Busisi mlilianza kulipita Juni 2025, lakini siku daraja linapofunguliwa sio siku mkandarasi anapofunga begi.

Mtoa mada ulikula keki ya makabidhiano ya mwisho siku ya makabidhiano ya awali.

#7 Sato wa Kupaka
#6 😂😂 Keki imemponza.

#8 Binti Kilimahewa
#6 Mhandisi, hoja yako ya matazamio naichukua, ila mfano wa daraja unaishia njiani. Daraja likishasimama hakuna anayekuja Jumanne kuomba liongezwe njia ya bodaboda ifikapo Ijumaa. Programu inaombwa hivyo kila wiki, na anayeomba hajakosea. Mtafiti wa programu Meir Lehman aliliona hili tangu 1974, akiwa na mwenzake Belady, walipofuatilia jinsi mfumo mkubwa wa kampuni ya kompyuta ya IBM ulivyokuwa ukibadilika toleo hadi toleo. Walichosema, kwa maneno yangu: programu inayotumika kwenye shughuli za watu lazima iendelee kubadilishwa, la sivyo inazidi kutofaa hata kama haijaharibika popote. Gunia linakaa pale pale, biashara ya gunia ndiyo inayohama.

Kwa hiyo Kijana wa Igoma, simu zinazoendelea zina maana wanautumia. Mfumo usiopigiwa simu umekufa.

#9 Mtu wa Mawe
Ndio maana asilimia 80 ya hela ya programu inaishia kurekebisha makosa ya wanaoitengeneza. Mnatengeneza ovyo makusudi ili mle mara mbili.

#10 Binti Kilimahewa
#9 Hapana. Hiyo 80 watu wanaitupa tu kama mawe. Utafiti unaotajwa sana ni wa Lientz na Swanson, ulitoka 1980, waliuliza mashirika 487. Kusahihisha makosa kulikuwa kama moja ya tano tu ya kazi ya matunzo. Sehemu kubwa zaidi ilikuwa maboresho yaliyoombwa na watumiaji wenyewe, na nyingine ni kuendana na mabadiliko ya nje.

#11 Mtu wa Mawe
#10 Mashirika ya Marekani miaka hiyo. Wewe hujaona mifumo ya Mwanza.

#12 Seva Haizimi
Wakuu, mimi kazi yangu ni kupokea vitu vilivyojengwa na wengine, kwa hiyo nitasema upande ambao hausemwi. Tatizo kubwa sio mkataba wala Lehman. Ni kwamba watu wanakabidhi *programu* lakini hawakabidhi *kuiendesha*.

Kuna kituo kimoja cha afya, sikitaji, nilikabidhiwa mfumo wake. Nilipewa laptopu, karatasi moja ya paswedi, na "kila la heri". Baada ya wiki chache asubuhi vivinjari vyote vinakataa kufungua, vinasema tovuti si salama. Cheti cha usalama cha tovuti, kile cha Let's Encrypt, kilikuwa kinaishi siku 90. Aliyejenga alikuwa akikihuisha kwa mkono kutoka kompyuta yake ya nyumbani, na hakuna alipoandika. Domeni, yaani jina la tovuti, ilisajiliwa kwa barua pepe yake ya chuo, na chuo alishamaliza. Bakapu, nakala za akiba, zilikuwepo, kila usiku, faili zuri kabisa. Nilipojaribu kurudisha moja kwenye mashine ya pembeni, lilikuwa na jedwali moja kati ya arobaini na kitu.

Tangu siku ile sipokei mfumo mpaka aliyeujenga akae pembeni, mikono mfukoni, mimi nifanye mwenyewe: niuzime, niuwashe, nirudishe bakapu, nimwongeze mtumiaji, niweke toleo jipya, nilirudishe la zamani. Kila ninapokwama na yeye akafungua mdomo, kuna kitu hakijaandikwa. Tunaandika, tunarudia. Akikaa kimya mwanzo hadi mwisho, nimepokea.

#13 Mjasiri Bwiru
#12 Na ufunguo wa aplikesheni ya Android, lile faili la siri linalothibitisha toleo jipya ni lako. Jamaa yangu aliharibikiwa na laptopu, ufunguo wa kusaini ukaenda nayo. Ukiupoteza huo hakuna kuweka toleo jipya tena, unaanza aplikesheni upya na watumiaji sifuri.

#14 Seva Haizimi
#13 Inategemea aplikesheni ni ya lini. Zilizoingia Play Store kuanzia Agosti 2021, Google ndiyo inashika ufunguo wa kusaini. Wewe unabaki na wa kupakia tu, huo ukipotea unaomba ubadilishiwe. Za zamani ambazo mwenyewe hakujiunga na mpango huo, ndiyo, ni kilio.

#15 Karani Mwaloni
Habari zenu. Mimi ni karani, sio mtu wa kompyuta. Nimesoma mpaka hapa nikaona naye mteja aseme.

Mnasema tunapiga simu sana. Sisi kwetu hesabu haiendi kwa Januari na Februari. Dagaa wanavuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika, nyavu zinashonwa. Kwa hiyo hesabu inafungwa kwa giza: giza limeisha, tajiri anakaa na wavuvi, mafuta yanatolewa, posho inatolewa, kila mtu anapata chake, na sisi mwaloni tunalipana madeni kwa mtindo huohuo. Sasa mfumo unatoa ripoti tarehe 1 mpaka 30. Giza moja linakatwa katikati, nusu huku nusu kule. Mwenye boti anaona hasara Machi na faida Aprili wakati ni giza lilelile moja. Watu wamegombana kwa sababu ya ile karatasi.

Nilipomwambia kijana aliyetutengenezea, akasema hiyo ni kazi mpya. Kazi mpya vipi wakati tuliagiza ripoti ya mwezi?

#16 Sato wa Kupaka
Kijana wa Igoma umeonekana 👀

#17 Kijana wa Igoma
#15 Dada, samahani kuuliza, kikundi chenu ni kile chenye banda la bluu?

#18 Karani Mwaloni
#17 Hapana. Wetu hata keki hatukula.

#19 Mzee wa Makaratasi
#15 Naomba nisimame upande wa kijana wenu, yeyote yule. Mkataba ukisema "ripoti ya kila mwezi" na yeye akatoa ripoti ya kila mwezi, ametimiza. Ya giza ni ombi jipya, lilipiwe.

#20 Nahodha wa Goziba
#19 Mwezi upi? Ninyi wa makaratasi mwezi ni ule wa ukutani. Sisi mwezi ni ule wa juu. Mvuvi akikwambia nilipe kwa mwezi anaangalia angani, haangalii kalenda ya benki. Huyo kijana alipoandika "mwezi" alimwuliza nani?

#21 Binti Kilimahewa
#20 Nahodha umemaliza kila kitu. Wabheja sana.

#22 Mzee wa Makaratasi
Hajamaliza. Neno lina maana mbili, pande zote mbili zilisaini, pande zote mbili zigawane gharama.

#23 Mhandisi Busisi
Mimi nasema hiyo ni kasoro, inaingia kwenye matazamio. Huwezi kujenga kalavati bila kuuliza maji yanapita wapi. Kwenda mwaloni siku moja alfajiri kungetosha.

#24 Kijana wa Igoma
Mhandisi, nilienda mwaloni. Nimekaa pale siku tisa. Hakuna aliyetamka neno giza, kwa sababu kwao ni kitu cha kawaida kama kupumua. Ningeulizaje kitu nisichojua kama kipo?

#25 Nahodha wa Goziba
#24 Hapo nakuelewa mwanangu. Ulikwenda siku gani? Kama ulikwenda katikati ya giza ungekuta watu wana kazi, hawana stori. Stori ziko mbalamwezi.

#26 Mama Faida wa Buzuruga
Mimi nina mfumo wa uwakala na nilijifunza kwa njia nyingine. Julai 2021 tozo za miamala zikaanza. Hakuna aliyekosea kwangu, programu ilikuwa safi kabisa, asubuhi moja hesabu zote hazilingani na za mtandao. Nikalipa kurekebisha. Kabla ya mwaka kuisha tozo zikapunguzwa, nikalipa tena. Sasa hiyo ni kasoro ya nani? Tangu hapo natenga hela kila mwezi kama ninavyotenga ya Luku. Fundi wangu asipoitwa mwezi mzima, bado analipwa.

#27 Mtu wa Mawe
#26 Analipwa bila kufanya kazi. Ndio nilichosema #9.

#28 Mama Faida wa Buzuruga
#27 Analipwa ili nikipiga ashike simu. Mlinzi wako humlipi kwa idadi ya wezi.

#29 Mjasiri Bwiru
Bei sasa. Wauzaji wengi wa mifumo hutaja asilimia 15 mpaka 20 ya bei ya mfumo kwa mwaka. Mtoa mada piga hesabu hiyo.

#30 Kijana wa Igoma
#29 Nimepiga. Tuliuza kwa bei ya kutafuta jina, mkuu. Asilimia 20 yake kwa mwaka ni nauli ya kutoka Igoma kwenda Kirumba na kurudi, na chai.

#31 Seva Haizimi
#30 Usianze na asilimia. Anza na daftari. Kila simu andika: tarehe, nani, anataka nini, ilikuchukua dakika ngapi. Halafu zigawanye: kosa letu, kosa la mtumiaji au mafunzo, dunia imebadilika, wanataka kitu kipya. Viwango vya kimataifa navyo vina mafungu yake, kama kurekebisha, kuendana, kuboresha na kuzuia, ila hili la mafunzo halina fungu kule na kwako ndilo litakalojaza kurasa. Nenda na daftari kwenye kikao, usiende na hasira.

#32 Karani Mwaloni
#31 Niulize kimoja kabla hamjasahau mimi ni mteja. Tukitoa orodha ya wanachama kwenda kwenye Excel, namba za NIDA zinaharibika mwishoni, zinakuwa sifuri sifuri. Hilo ni fungu gani?

#33 Seva Haizimi
#32 Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel ikidhani ni hesabu inatunza tarakimu 15 za mwanzo, tano za mwisho inazifanya sifuri. Msiihifadhi tena hiyo faili, kwenye mfumo namba ziko salama. Aliyetengeneza atoe safu hiyo kama maandishi, kwenye faili la Excel lenyewe. Kazi ya nusu saa. Fungu gani, sijui. Excel haikosei kwa kanuni zake, mfumo haukosei, wewe hukukosea.

#34 Mzee wa Makaratasi
#33 Ndiyo maana nikasema mistari minne.

#35 Mwalimu wa Malimbe
Nimechelewa. Mnazungumza kana kwamba aliyejenga lazima ndiye atunze. Kuna shule mbili. Werner Vogels wa Amazon alisema tangu 2006 kwamba anayejenga ndiye aendeshe, kwa sababu anayeamshwa usiku na mfumo wake hujenga vizuri zaidi kesho. Wengine wana timu ya matunzo kando. Kwa uzoefu wangu wa kuwaona vijana, wakali wa kujenga wakiachwa kwenye matunzo miezi sita wanaacha kazi.

#36 Seva Haizimi
#35 Mwalimu, heshima yako. Amazon wana watu wa kuamshwa kwa zamu. Huyu mmoja yuko Dar, mwingine hashiki simu. Zamu yake ni yeye, kesho yeye, keshokutwa yeye.

#37 Ng'wana Magu
Hamna anayesema la watu kwenye hivyo vikundi. Mfumo wa namna hii mara nyingi unaletwa na fedha ya mradi, na fedha ya mradi ina mwisho. Bajeti ina mstari wa "kutengeneza mfumo", haina mstari wa "kuutunza". Mfadhili anapiga picha anaondoka. Mtoa mada, aliyekulipa ni kikundi au kuna mtu nyuma yao?

#38 Kijana wa Igoma
#37 Kulikuwa na mtu nyuma yao.

#39 Ng'wana Magu
Basi wale hawajawahi kuununua huo mfumo. Walipewa. Unawadai bei ya kitu ambacho hawakuwahi kukubaliana bei yake.

#40 Mzee wa Makaratasi
#39 Hili sikulijua. Linabadilisha kidogo.

#41 Mtu wa Mawe
Kidogo? Uzi mzima tumemshauri amdai mtu asiye na deni.

#42 Binti Kilimahewa
Deni linaanza kila wanapouwasha, haijalishi nani alinunua. Seva inalipiwa na nani sasa hivi?

#43 Kijana wa Igoma
Na mimi. Tangu mwezi wa sita.

#44 Sato wa Kupaka
Aiseeee.

#45 Mhandisi Busisi
Yaani daraja lako, taa zake unalipia wewe.

#46 Nahodha wa Goziba
Mwanangu, nenda mbalamwezi. Matajiri wametulia, wana nafasi. Waambie malipo ya kuutunza ni kwa giza. Giza likiisha, kabla ya mgao, mafuta yanatolewa, posho inatolewa, na ya mfumo inatolewa palepale. Ukiwaambia "mwisho wa mwezi tuma hela" hawataona kitu.

#47 Seva Haizimi
#46 Na matoleo mapya weka mbalamwezi hiyohiyo, shughuli ikiwa ndogo. Ukikosea unarekebisha bila watu mia kukusimamia kichwani.

#48 Karani Mwaloni
#47 Sio mbalamwezi yenyewe. Wavuvi wamepumzika ndiyo, lakini dagaa wa visiwani wanakuwa bado wanashuka kwetu, walikuwa wanaanikwa au wanangoja boti ijae. Mwaloni panatulia siku kadhaa baadaye. Ukigusa mfumo siku mvuvi anapumzika unatukuta sisi ndio tuko kwenye foleni.

#49 Seva Haizimi
#48 Naandika hilo. Asante dada.

#50 Mtu wa Mawe
Na giza likiwa baya, dagaa hakuna, fundi analipwa nini?

#51 Nahodha wa Goziba
#50 Analipwa anacholipwa mvuvi.

#52 Mama Faida wa Buzuruga
#51 Hapo mimi sikubaliani hata kidogo. Kampuni ya seva haijui giza baya. Awe na kiwango cha chini kinacholipwa hata mvua inyeshe, cha juu ndio kifuate dagaa.

#53 Mjasiri Bwiru
Nje ya mada, Karani Mwaloni, gunia la dagaa safi wa kukaanga sasa hivi shilingi ngapi?

#54 Karani Mwaloni
#53 Njoo uone 😄

#55 Kijana wa Igoma
Wakuu nimeanza daftari leo. Simu tatu mpaka mchana: paswedi, paswedi, na risiti ya kilo. Ya nne inaita sasa hivi, ni wao. Ngoja nipokee, narudi.

#56 Sato wa Kupaka
Tuko hapa tunakusubiri.

#57 Ng'wana Magu
Muulize pia domeni imesajiliwa kwa jina la nani.

#58 Sato wa Kupaka
Giza la pili hili mtoa mada hajarudi. Alipokea au alizima?